Bustani Isiyo na Rangi: Historia ya Picha za Mimea katika Nyeupe na Nyeusi

Ukimwomba mtu akueleze ua alilolipenda, hataanza na umbo lake. Ataanza na rangi: lilikuwa jekundu, lilikuwa la manjano, lilikuwa la urujuani. Majani nayo tumeyazoea kwa rangi yake kiasi kwamba Kiswahili kimelitoa jina la rangi katika jani lenyewe. Twasema kijani, au rangi ya majani, na sote twaelewana. Kwa hiyo ni jambo la kustaajabisha kwamba, kwa muda unaokaribia karne nzima, mimea ilipigwa picha kwa ufundi ambao kwa kawaida haukuweza kuonyesha rangi hata moja. La kustaajabisha zaidi ni kwamba baadhi ya picha hizo hazijapitwa hadi leo na picha za rangi, ambazo sasa kila mtu hubeba mfukoni chombo cha kuzipigia.

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi kazi hiyo ilivyoanza, jinsi ilivyofanywa ndani ya chumba cha giza, na hasa habari za watu wachache walioifikisha mbali: bibi mmoja wa Kent, mtunza bustani mmoja wa Sussex, mwalimu mmoja wa Berlin na mama mmoja wa watoto watatu huko Kalifornia. Kati ya hao wanne ni mmoja tu aliyejipatia riziki yake kwa kamera. Wawili waliacha herufi za kwanza za majina yao tu juu ya kazi zao, na nusura wapotee kabisa.

Mwanzo wa habari hii ni mtu asiyejua kuchora. William Henry Fox Talbot alizaliwa mwaka 1800, akafariki 1877. Alikuwa bwana mwenye mali, makao yake Lacock Abbey katika jimbo la Wiltshire, Uingereza. Mjuzi wa hesabu, wa lugha za kale na wa mimea. Mwezi wa Oktoba 1833, alipokuwa matembezini kando ya ziwa la Como nchini Italia, alijaribu kuchora mandhari kwa msaada wa kamera lusida, yaani kioo cha pembe kinachoileta sura ya kitu juu ya karatasi ili mchoraji aifuatishe kwa kalamu. Mkono wake haukumtii. Hapo ndipo lilipomjia wazo kwamba huenda sura ile ikaweza kujichora yenyewe juu ya karatasi, kwa nguvu ya mwanga peke yake.

Yafaa tukumbuke kwamba miezi michache baadaye rafiki yake, Sir John Herschel, mtaalamu wa nyota, alifika Rasi ya Tumaini Jema, akakaa huko tangu 1834 hadi 1838. Yeye na mkewe, Margaret, walikitumia chombo kile kile kuchora maua ya porini ya kusini mwa Afrika: mume akifuatisha mistari, mke akitia rangi. Imesalia michoro 131 ya kazi yao hiyo. Basi pale ambapo Talbot alishindwa, Herschel alifaulu. Lakini ni kule kushindwa kulikozaa picha.

Kuanzia 1834 Talbot alilowesha karatasi katika maji ya chumvi ya kawaida, akaiacha ikauke, kisha akaipaka nitrati ya fedha. Vitu hivyo viwili vikikutana hufanyika kloridi ya fedha, ambayo mwanga huigeuza kuwa nyeusi. Juu ya karatasi hiyo aliweka jani au kitawi, akalikandamiza kwa kioo, akaviweka juani. Pasipofunikwa pakaiva rangi ya kahawia iliyokolea. Chini ya jani pakabaki peupe, na mahali ambapo jani ni jembamba, kati ya mshipa na mshipa, mwanga ukapenya kidogo kidogo. Jani likajichapa lenyewe, na mishipa yake yote. Hakukuwa na kamera, wala lenzi. Picha za kwanza za mimea hazikupigwa, kama tusemavyo sasa; zililaliwa na mmea.

Shida ilikuwa kuizuia karatasi isiendelee kuwa nyeusi pindi itazamwapo mchana. Talbot alijaribu maji ya chumvi nyingi, na matokeo yake yalikuwa ya mashaka. Dawa yenyewe ilitoka kwa Herschel, ambaye tangu 1819 alikuwa amegundua kwamba thiosulfati ya sodiamu huyeyusha chumvi za fedha. Mwanzoni mwa 1839, mara baada ya Daguerre kutangazwa Paris na Talbot kujitangaza London mwezi ule ule wa Januari, Herschel alimweleza rafiki yake siri hiyo bila kudai chochote. Dawa hiyo ingali ikitumika. Herschel ndiye pia aliyeeneza neno la Kiingereza lenye asili ya Kiyunani ambalo maana yake ni kuandika kwa mwanga, na ndiye aliyetoa majina ya negativu na pozitivu.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka kidogo nje ya njia, kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha. Kiswahili hakikulifasiri neno hilo la Kiyunani. Kiliichukua picha kutoka Kiingereza, na huko Lubumbashi na Bujumbura wakaichukua foto kutoka Kifaransa, lakini kote kote kitenzi kikawa kimoja: kupiga. Twapiga picha kama tupigavyo chapa, pasi, simu na mhuri. Nadhani chaguo hilo lilielekea zaidi kwenye kufumba na kufumbua kwa kamera kuliko kwenye kule kulaza jani juani kwa nusu saa. Na kazi ya pili, ya kuitoa sura iliyofichika ndani ya filamu, tuliiita kusafisha picha, kana kwamba sura ilikuwa na taka tu, nasi tukaiosha. Nani aliyeanza kusema hivyo hatujui, lakini yeyote aliyewahi kusimama juu ya bakuli la dawa atakiri kwamba alikuwa na jicho.

Tukirudi kwa Talbot: yeye mwenyewe aliamini kwamba wa kwanza kunufaika na uvumbuzi wake wangekuwa wataalamu wa mimea. Mwaka 1839 alimwandikia William Jackson Hooker, bingwa wa elimu hiyo, akipendekeza washirikiane kutoa kitabu cha mimea ya Uingereza chenye picha za namna hiyo. Hooker alizisifu kwa uzuri wake, kisha akatoa kasoro: kivuli cha ua hakionyeshi jinsi ua lilivyotuna, wala vikombe vyake, wala mishipa ya majani kwa uwazi unaotakiwa. Kitabu hicho hakikutokea. Mimi namwona Hooker alikuwa na haki, kwa maana mchoraji wa mimea huchagua. Huweka ua, mbegu na mzizi katika ukurasa mmoja, huacha jani lililoliwa na mdudu, na hutoa mfano wa mmea usiokuwa mmea wowote hasa. Picha haiwezi kuacha kitu. Huonyesha jani hili, la siku hii, pamoja na tundu lake. Kwa mwanasayansi wa 1839 hiyo ilikuwa aibu ya picha. Tutaona kwamba baadaye ndiyo iliyokuwa fahari yake.

Aliyethubutu kufanya ambacho Hooker alikikataa alikuwa mwanamke. Anna Atkins alizaliwa Tonbridge, Kent, mwaka 1799. Mamaye alifariki angali mchanga, akalelewa na babaye, John George Children, aliyekuwa mtumishi wa British Museum na aliyefahamiana na Talbot na Herschel. Mwaka 1842 Herschel alivumbua njia nyingine ya kuchapa, itumiayo chumvi za chuma badala ya fedha, ambayo hutoa picha ya buluu iliyoiva. Haina gharama kubwa, na huoshwa kwa maji matupu. Mwaka uliofuata, Oktoba 1843, Bibi Atkins alianza kutoa sehemu za kitabu chake cha mwani wa Uingereza, akaendelea hadi 1853. Kila ukurasa aliuchapa mmoja mmoja kwa jua, hata maneno yake, ambayo aliyaandika kwa mkono na kuyachapa kwa njia ile ile. Hicho ndicho huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza chenye picha za namna hii, nacho kilitangulia The Pencil of Nature cha Talbot, kilichoanza kutoka 1844.

Kwa hakika buluu si nyeusi, na msomaji mkali atasema kwamba Bibi Atkins hana nafasi katika makala haya. Lakini namweka kwa sababu ya herufi mbili. Dibaji yake aliitia sahihi ya A.A. tu. Alifariki 1871, na haukupita muda mrefu kabla mtu mmoja aliyekiona kitabu kile huko Uskochi, mwishoni mwa miaka ya 1880, hajakisia kwamba A.A. ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mfuasi asiyejulikana wa fani hiyo. Jina lake lilitambuliwa baadaye, ila heshima kamili hakuipata mpaka 1985, mwanahistoria Larry Schaaf alipomtolea kitabu. Tuikumbuke habari hii, maana itajirudia.

Sasa tuingie katika ufundi wenyewe, kwani bila kuuelewa hatuwezi kupima ugumu wa walichokifanya hao waliofuata. Baada ya karatasi ya Talbot likaja bamba la kioo lililopakwa kolodioni mbichi, la Frederick Scott Archer, mwaka 1851. Kisha bamba kavu la gelatini, la Richard Leach Maddox, mwaka 1871. Kisha filamu nyepesi ya kukunjwa. Kila hatua ilipunguza muda wa kusubiri. Lakini mabamba yote ya mwanzo yalikuwa na upofu mmoja: yaliona buluu na urujuani, hayakuona kijani vizuri, na nyekundu hayakuiona kabisa. Ua la buluu lilitoka jeupe. Waridi jekundu lilitoka jeusi kama mkaa, na majani yake karibu meusi vile vile. Jambo hilo halikumsumbua sana mpiga picha wa majengo, lakini kwa mwenye bustani lilikuwa balaa, kwa sababu bustani ni kijani kwanza na mengine baadaye. Ikiwa alitaka majani yaonekane alilazimika kuacha lenzi wazi muda mrefu, na katika muda huo upepo hupita. Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel, huko Berlin, aligundua kwamba bamba likitiwa rangi fulani huanza kukiona kijani. Na 1906 yakaanza kuuzwa Uingereza mabamba yanayoona rangi zote, nyekundu ikiwamo.

Upofu huo wa nyekundu ulikuwa na faida yake, nayo ndiyo taa nyekundu ya chumba cha giza. Karatasi ya kuchapia haioni nyekundu hata sasa, ndiyo maana mchapaji huweza kufanya kazi akiona mikono yake. Mwanga hupitishwa katika negativu ukaiangukia karatasi kwa sekunde kadhaa. Karatasi hubaki nyeupe, hakuna kilichoonekana. Hutiwa katika bakuli la kwanza, lenye dawa ya kutokeza, na hapo, chini ya taa ile, sura huanza kujitokeza polepole, vivuli kwanza, kisha mishipa ya jani, kisha ule wepesi wa ukingo wa ua. Bakuli la pili lina asidi ya siki ya kuikomesha dawa. La tatu lina ile dawa ya Herschel, ya kukaza. Kisha maji, maji mengi, kwa maana karatasi isiyooshwa vizuri hugeuka manjano baada ya miaka. Mchapaji mwenye ujuzi huikinga sehemu moja ya karatasi kwa kiganja chake ili isipate mwanga mwingi, na sehemu nyingine huiongezea. Kwa hiyo nakala mbili za negativu moja haziwi sawasawa, hata kama zimetoka kwa mkono mmoja usiku mmoja.

Nimefika kwa yule ambaye, kwa maoni yangu, ndiye mkubwa wao wote. Charles Jones alizaliwa 1866 huko Wolverhampton, akawa mtunza bustani katika mashamba ya matajiri. Miongoni mwao ni Ote Hall, katika jimbo la Sussex, na mwaka 1905 gazeti la The Gardeners' Chronicle liliisifu kazi yake ya bustani hapo. Halikusema lolote juu ya picha zake. Alifariki mwaka 1959, na kwa kadiri ijulikanavyo hakuna maonyesho hata moja ya picha zake yaliyofanywa katika uhai wake.

Mwaka 1981, katika gulio la Bermondsey, London, mkusanyaji wa picha aitwaye Sean Sexton alilikuta sanduku lililokuwa likiuzwa na picha ndani yake. Zilikuwa mamia ya nakala za fedha na gelatini, zilizochapwa kwa uangalifu mkubwa kutoka katika mabamba ya kioo. Hazikuwa picha za watu wala za mandhari. Zilikuwa vitunguu, maharagwe, kabichi, viazi, tofaa, squmu na maua, kila kimoja peke yake, mbele ya kitambaa cheusi au cheupe. Nyuma ya picha kulikuwa na jina la mmea na aina yake, kama vile Bean Longpod, Broccoli Leamington, Plum Monarch, pamoja na herufi C.J. Basi. Hapakuwa na tarehe wala maelezo ya sababu. Jina kamili na habari za maisha yake vilipatikana baadaye, na 1998 Sexton pamoja na Robert Flynn Johnson wakatoa kitabu, Plant Kingdoms.

Tuzitazame picha zenyewe. Maharagwe matatu yamelazwa, maganda yamefunguliwa, na ndani yake mbegu zimekaa katika sufi yake kama watoto kitandani. Vitunguu vimesimama safu, mizizi yao haikukatwa. Hakuna sahani, hakuna meza, hakuna kisu, hakuna mkono wa mtu wa kutuonyesha ukubwa. Kwa hiyo figili moja yaweza kuonekana kubwa kama nyumba. Wachoraji wa Ulaya walizoea kuzipanga mboga pamoja na chupa za divai na ndege waliochinjwa, ili kumsifu mwenye karamu. Jones aliziondolea mboga bwana wao. Alizitazama jinsi azitazamavyo yule aliyezipanda, akazimwagilia, akazipalilia, na ambaye mwishoni hatazila yeye, maana ni za jikoni kwa tajiri. Sijui kama alikusudia hivyo, lakini ndivyo picha zinavyosema.

Na ufundi wake ni wa kuheshimiwa. Mboga nyeupe mbele ya kitambaa cheusi, kwa mabamba ya wakati ule, ni mtego: ukimwacha mwanga dakika moja zaidi, kitunguu huwa bakuli jeupe lisilo na ngozi. Katika nakala zake kila utando wa kitunguu unahesabika. Aidha nakala zake hakuzikaza tu. Alizitia maji ya dhahabu, ambayo huzipa wekundu wa joto na kuzilinda na uchakavu. Mtu hatumii dhahabu kwa kiazi ikiwa anafanya mchezo.

Negativu zake hazipo. Wajukuu wake walikumbuka kwamba mzee huyo aliyatumia mabamba ya kioo bustanini, akayafanya vifuniko vya kuikinga miche michanga na baridi. Yaani picha ya mboga ya mwaka mmoja ililindwa kwa kuwa paa la mboga ya mwaka mwingine, jua likipita humo kila siku mpaka likaifuta. Wapo wanaosikitika wakisikia hayo, nami ni mmoja wao, kwani kioo kimoja kingetupa nakala mia. Lakini mtunza bustani alijua thamani ya kioo kuliko sisi.

Wakati Jones akifanya kazi yake bila mtu kujua, Ujerumani kulikuwa na mwalimu. Karl Blossfeldt alizaliwa 1865 katika kijiji cha Schielo, milima ya Harz, akajifunza kwanza kazi ya kusubu chuma cha mapambo. Katika miaka ya 1890 alikwenda Rome kumsaidia Moritz Meurer, aliyekuwa akikusanya mimea ya Italia, Ugiriki na Afrika ya Kaskazini ili itumike kufundishia uchoraji wa mapambo. Aliporejea Berlin alianza kufundisha katika shule ya sanaa za mikono, na somo lake kwa zaidi ya miaka 30, hadi 1930, lilikuwa lile lile: kufinyanga na kuchora kwa kuiga mimea hai.

Mwalimu yeyote aliyewahi kuingia darasani na mmea mkononi anaijua taabu yake. Wanafunzi wa nyuma hawauoni, na kabla ya mwisho wa juma umenyauka. Blossfeldt alilitatua jambo hilo kwa kamera aliyoijenga mwenyewe, yenye mvukuto mrefu, iliyoweza kukuza sehemu ndogo ya mmea mara kumi na zaidi. Mimea yake hakuinunua kwa wauza maua. Aliiokota kandokando ya reli na njia: magugu, kangaga changa zilizojikunja kama fimbo ya askofu, vikono vya mmea wa maboga vilivyojipinda kama chuma cha mlangoni. Aliipogoa, akayaondoa majani yaliyomzuia, akaiweka mbele ya karatasi ya kijivu au nyeupe, akaipa mwanga laini kutoka dirishani. Picha zilikuwa vifaa vya kufundishia, kama ramani na ubao.

Hivyo ndivyo zilivyobaki kwa miaka mingi, mpaka mwenye nyumba ya sanaa Karl Nierendorf alipoziona na kuzionyesha Berlin mwaka 1926. Mwaka 1928 kikatoka kitabu Urformen der Kunst, chenye picha 120, na mwalimu wa miaka 63 akawa mashuhuri kwa usiku mmoja. Walter Benjamin aliandika juu yake mwaka ule ule. Wasanii wa mtindo mpya walimdai kuwa wao, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mtu wa shule ya kale, aliyeamini kwamba kila pambo la mwanadamu, nguzo au lango, tayari limo katika mmea. Alitoa kitabu cha pili 1932, akafariki mwishoni mwa mwaka huo.

Nionavyo mimi, kuna tofauti moja kati yake na Jones ambayo wachambuzi huipitia haraka. Blossfeldt aliutafuta ndani ya mmea ule umbo la milele. Hakujali kama kangaga hii ilikuwa ya jana au ya leo. Jones aliandika jina la aina. Kwake kitunguu hakikuwa kitunguu tu; kilikuwa cha mbegu fulani, kilichostawi mwaka fulani. Blossfeldt alimjibu Hooker kwa kuchagua kama mchoraji. Jones hakumjibu mtu.

Imogen Cunningham ni habari nyingine. Alizaliwa Portland, Oregon, 1883. Alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Washington, akamaliza 1907, na karo yake aliisaidia kwa kutengeneza picha za vioo kwa ajili ya idara ya mimea. Mwaka 1909 alikwenda Dresden kujifunza zaidi kemia ya picha. 1910 alifungua studio Seattle, na 1913 aliandika makala akiwahimiza wanawake waishike kazi hiyo. Baada ya kuolewa alizaa mtoto wa kiume 1915, na pacha wa kiume 1917, mwaka ule ule familia ilipohamia Kalifornia. Baadaye walikaa Oakland, ambako mumewe alikuwa akifundisha chuoni Mills. Watoto watatu wadogo, mume kazini, wateja mbali. Akaanza kupiga picha alichoweza kukifikia huku akiwa na jicho moja kwa watoto, yaani mimea ya bustanini mwake.

Picha ya ua la magnolia ya 1925 ndiyo iliyosifiwa kuliko zote. Ameingia ndani ya ua hata petali zimejaza ukingo wa karatasi, na katikati umesimama mkungu wa chavua. Petali za magnolia ni nyeupe, na nyeupe ndiyo rangi ngumu kuliko zote katika chumba cha giza. Lakini hapo zina kunjo, kivuli, na unene kama wa ngozi. Mwaka 1929, katika maonyesho makubwa ya filamu na picha huko Stuttgart, Ujerumani, zilipelekwa picha zake kumi, nyingi zikiwa za mimea. Na 1932 akawa miongoni mwa waanzilishi wa kikundi cha f/64, pamoja na Edward Weston na Ansel Adams. Weston naye, Agosti 1930, alikuwa ameweka pilipili hoho ndani ya foneli ya bati na kuipiga picha iliyojulikana kwa namba 30. Inasifiwa sana, na inastahili, ila mimi huiona inajitahidi mno kufanana na mwili wa mtu.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki akiifungua albamu ya Cunningham atakutana na jamaa zake. Ua la kala, alilolipiga mara nyingi, asili yake ni kusini mwa Afrika, ambako humea porini penye majimaji. Ni kule kule alikochora Herschel. Mshubiri wake ni wa Afrika pia. Na miongoni mwa picha zake za miaka ya 1920 zimo za agave, ndugu wa mkonge, mmea wa Amerika ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika 1893 na ambao watu wengi waliulimia jasho. Katika picha ya Cunningham majani ya agave ni visu vya mwanga na kivuli. Mkata mkonge angeyatambua mara moja, na pengine angeangalia kwanza ule mwiba wa nchani.

Cunningham aliendelea kupiga picha hadi alipofariki San Francisco, mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 93.

Kodak ilitangaza mwaka 2005 kwamba haitatengeneza tena karatasi ya picha nyeupe na nyeusi. Kiwanda cha Ilford, Uingereza, kingali kikiitengeneza, pamoja na filamu, lakini kwa bei isiyo rafiki wa mshahara wa mwalimu. Hata hivyo njia ya kwanza kabisa, ile ya Lacock, haihitaji karatasi ya kiwandani. Shule nyingi za sekondari zenye maabara zina chupa ndogo ya nitrati ya fedha, ambayo mwalimu wa kemia huitumia kuonyesha kloridi. Karatasi nzito hulowekwa katika maji yenye chumvi kidogo, ikaushwe, kisha ipakwe dawa hiyo kwa brashi mahali pasipo na jua. Atakayeipaka avae glavu na ayakinge macho, maana dawa hiyo huunguza, na doa lake jeusi hukaa kidoleni siku nyingi. Jani la mpapai ni kubwa mno kwa karatasi ya daftari. La muhogo hutoka vizuri, kwa sababu ya vidole vyake, na kangaga hutoka vizuri zaidi.